Wimbo Usio na Ujumbe

Ikifika mwezi wa sita, wasanii wa kambi wanatafutwa kama dawa. Tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Jukwaa linafungwa, mabango yananing'inizwa, na kijana ambaye mwaka mzima hakuna ofisi iliyomuuliza habari ya gitaa lake anaitwa kwenye mkutano, anaambiwa atunge wimbo. Wimbo wa nini? Wa amani. Wa kunawa mikono. Wa kupinga ndoa za utotoni. Dakika tatu, na jina la mradi lisikike kwenye kiitikio.

Sipingi kunawa mikono. Kipindupindu kilichoanza hapa Malawi mwaka 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700, hilo si jambo la mzaha. Ninachopinga ni hii imani kwamba muziki wa mkimbizi lazima utibu kitu. Eti ukishakuwa na kadi ya mgao, basi hata sikio lako ni la mradi.

Mimi hapa Dzaleka nina kibanda. Nachaji simu za watu, naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kazi hii inakufundisha watu wanataka nini wakati hakuna anayewaandika kwenye fomu. Vijana wanataka Fally Ipupa, wanataka Diamond, wanataka amapiano. Mama wanataka kwaya. Mzee mmoja wa Kalemie anataka gitaa la zamani la Katanga, na nimemtafutia Jean Bosco Mwenda, yule aliyerekodiwa kule Jadotville mwaka 1952 na Hugh Tracey aliyemkuta anapiga gitaa barabarani. Lakini tangu nimefungua kibanda, hajawahi kuja mtu hata mmoja akaniambia, "Yaya, niwekee ule wa kunawa mikono."

Sasa kiangazi kinakuja. Baridi ya mwezi wa saba inakatika, mahindi yameshavunwa, watoto wanafunga shule, vumbi linapanda, na mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja watu watakuwa wanakaa nje jioni na redio na spika zao. Huu ndio wakati wa kutafuta muziki mpya. Na muziki mpya ninaousemea si ule unaopigwa kila duka. Nasemea muziki huru, ambao wenzetu wanauita indi: wa mtu asiye na kampuni kubwa juu yake, anayerekodi kwa vifaa alivyonavyo na kuimba kile kilichomkaa rohoni.

Chukueni singeli. Ilitoka uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati, kwa vijana wenye kompyuta kuukuu na vipande vya taarabu walivyoviongeza kasi mpaka mapigo yakapita 200 kwa dakika. Wakubwa wa mji waliziba masikio, wakasema ni muziki wa wahuni. Vijana hawakusubiri mtu awape ruhusa. Mwaka 2017 lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso, unaitwa Sounds of Sisso, na baada ya hapo vijana wale wakaitwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Kiswahili chetu hikihiki! Nilipoiweka mara ya kwanza hapa kibandani, mama aliyekuja kuchaji simu aliuliza kama spika imeharibika. Baada ya dakika mbili bega lake lilikuwa linatikisika, ingawa mwenyewe anakataa mpaka leo.

Au nendeni Kinshasa. Kuna kundi linaitwa KOKOKO!, ambalo kwa Kilingala ni sauti ya kubisha hodi. Wanapiga chupa, makopo, vyuma vilivyotupwa, vyote vinageuka ngoma. Albamu yao Fongola ilitoka 2019, na fongola ni ufunguo, hata asiyejua Kilingala anasikia undugu wa neno. Kuna na Fulu Miziki, maana yake muziki wa takataka, ambao hata mavazi ya jukwaani wanajitengenezea kwa vitu vya jalalani. Nauliza: sisi tumekosa makopo? Makopo ya mafuta ya msaada yamejaa kila nyumba. Tulichokosa ni mtu wa kutuachia jioni moja bila bango.

Najua jibu. Nimelisikia kwa mashirika na nimelisikia kwa wazee wetu wenyewe: watu wana njaa, mgao umepunguzwa, wewe unaleta habari ya muziki wa kustarehe? Ndiyo, naleta. Na mgao wangu umepunguzwa kama wa kwenu. Lakini sijawahi kuona mtu akimwambia afisa aliyevaa visikilizio ndani ya gari avivue mpaka njaa iishe duniani. Kwake muziki ni kupumzika, kwangu ni anasa? Hapa hatuna ruhusa ya kuishi mjini wala kufanya kazi tunayotaka. Kambi hii ilikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Mtu aliyefungiwa mahali namna hii ana vitu vichache sana anavyochagua mwenyewe. Anachosikiliza saa moja jioni ni kimojawapo, msimnyang'anye.

Halafu kuna habari ya jasho la mtu. Rafiki yangu mmoja alitunga wimbo, si wa mradi, ni wa mpenzi wake aliyepelekwa nchi ya tatu. Shirika moja likaupenda, likauchukua, likaubandika kwenye video yake, chini ya picha za matenki ya maji. Wamemlipa nini? Fulana na Fanta. Jina lake halikuandikwa. Alipokwenda kuuliza aliambiwa ashukuru, amepata kujulikana. Kujulikana na nani, kama jina halipo?

Warundi wanaosoma hapa wanaujua wimbo huu tangu zamani. Miaka ya 60 ngoma zao zilirekodiwa nyumbani kwao. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ufaransa, Mike Steiphenson, akazichukua, akaongeza vyombo vyake, akatoa sahani inayoitwa Burundi Black. Jina lililoandikwa kwenye sahani ni la nchi pamoja na la kwake: Burundi Steiphenson Black. Miaka kumi baadaye mapigo yale yalikuwa yanasikika kwenye nyimbo za vijana wa Uingereza kama Adam and the Ants. Wenye mikono yao juu ya ngoma wako wapi kwenye hesabu hiyo? Kwa hiyo mgeni anapotoa simu kutuchukua video tukipiga ngoma, na sisi tukamuuliza inaenda wapi, asituone wakali.

Lakini sitawaacha wakimbizi wenzangu wapite bure. Vijana, nyinyi ndio mnaosema nyimbo za hapa "hazina kwaliti." Studio ya Kawale ina godoro ukutani, laptop moja na maiki moja, ni kweli. Mburahati walikuwa na nini? Mnanilipa bila kulalamika kwa wimbo wa tajiri wa Dar, ambaye hela yenyewe haimfikii, halafu wa jirani yenu mnataka bure kwa bluetooth kwa sababu "tunamjua." Kumjua ndiyo sababu ya kumlipa. Angalieni kwaya. Nyinyi mnazicheka, lakini kwaya ndiyo lebo huru ya kwanza ya kambi zote, kuanzia Nyarugusu mpaka Kakuma. Wanachanga wenyewe, wananunua kinanda, wanashona sare, wanarekodi na kuuza flashi zao, na hakuna ofisi iliyowapa mada.

Na tunao mfano hapahapa mlangoni. Menes La Plume, mshairi kutoka Kongo aliyeishi kambini humu, alianzisha Tamasha la Tumaini mwaka 2014. Kila linapofanyika, Wamalawi na wageni wa nje wanakuja Dzaleka, wengine wanalala kwenye nyumba zetu, wanakula chakula chetu, wanacheza nasi. Hawaji kukagua. Ndiyo siku ambayo mkimbizi ni mwenyeji. Sasa kwa nini iwe siku mbili tatu tu kwa mwaka?

Wafanyakazi wa mashirika, ninachowaomba ni kidogo kuliko semina moja. Ajirini bendi ya kambi kwa jioni moja kabla ya mvua, muwalipe siku hiyohiyo kama mnavyomlipa fundi wa jenereta, msiwape mada, msitundike bango. Chumba chenye vyombo vya muziki, kile kinachofunguliwa wakija wafadhili, kifunguliwe na Jumamosi. Mkichukua wimbo wa mtu, andikeni jina lake. Mkija kucheza, karibuni sana, ila kalamu iache ofisini.

Kwangu nimeshaanza. Kila anayeleta kadi kiangazi hiki, katika kila nyimbo kumi moja lazima iwe ya hapa, na nusu ya hela ya wimbo huo ni ya aliyeuimba. Naandika kwenye daftari, kila Ijumaa tunahesabu. Lina majina 11 sasa. Ambaye jina lake halimo alete faili yake, niko nyuma ya soko, upande wa Likuni. Betri ya sola ikiisha nafunga, kwa hiyo njoo kabla ya saa kumi na mbili.