Alama za Mkaguzi na Usiku wa Mgonjwa

Kila askari anaujua ukaguzi. Viatu hung'arishwa, vitanda hunyooshwa, silaha hupakwa mafuta, naye afisa mkaguzi hupita, huandika alama zake na kwenda zake. Lakini kila askari anajua pia kwamba kambi iliyometameta saa nne asubuhi yaweza kuwa na mlinzi anayesinzia saa nane za usiku. Jambo hilo tulilolizoea katika kazi yetu ndilo ninalotaka kulisema leo juu ya uuguzi katika hospitali na vituo vya afya vya nchi yetu.

Mwezi wa Mei 2006 Serikali ilitangaza matibabu bila malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Foleni zikarefuka, ilhali wauguzi walikuwa wale wale. Mwaka huo huo ulianza, katika mikoa michache, utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kwa kadiri ya kazi iliyofanywa na ubora wake. Mnamo Aprili 2010 ukaenea nchi nzima. Wakaguzi walifika na orodha zao za maswali, na alama walizozitoa ziligeuka fedha.

Watafiti waliupima utaratibu huo kwa miaka ya 2006 hadi 2010, wakatangaza matokeo yao mwaka 2014 katika jarida la Health Affairs la Marekani. Waliona kwamba utaratibu huo uliongeza sehemu ya akina mama wanaojifungulia vituoni kwa pointi 22 za asilimia. Hilo si dogo hata kidogo. Alama za ubora za vituo nazo zilipanda kwa asilimia 45 katika kipindi hicho. Lakini wagonjwa wenyewe walipoulizwa juu ya huduma waliyoipata, watafiti hawakuona badiliko lolote lililoletwa na utaratibu huo.

Ndugu msomaji, tutulie kidogo hapa. Wapo watakaosema kwamba mgonjwa si mtaalamu, hawezi kupima kazi ya muuguzi. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni dhaifu. Mgonjwa hajui kipimo cha dawa, lakini anajua aliita mara ngapi kabla ya kuitikiwa. Mtaalamu Avedis Donabedian aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa tiba hutazamwa kwa njia tatu: mahali na vifaa, namna kazi inavyotendwa, na hali ya mgonjwa mwishoni. Orodha ya mkaguzi huona upesi lile la kwanza. Lile la pili hutendeka zaidi wakati mkaguzi amekwisha kuondoka.

Chukueni mfano wa Gitega. Mwaka 2010 madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walifungua huko kituo cha Urumuri, yaani mwangaza, kwa ajili ya akina mama wenye fistula, jeraha linalotokana na uchungu wa kuzaa uliokawia bila msaada. Mwanamke huvuja mkojo mchana na usiku, na mara nyingi hutengwa na watu wake. Upasuaji wa kuziba jeraha huchukua saa chache tu. Baada yake mpira wa mkojo hukaa mwilini yapata wiki mbili, na hauna budi kupitisha mkojo saa zote. Ukiziba usiku mmoja bila mtu kuona, kibofu hujaa, mshono huachia, na kazi yote ya daktari huharibika. Anayeulinda mpira ule ni muuguzi wa zamu. Hakuna mlinzi wa lindo mwenye dhamana kubwa kuliko hiyo.

Yafaa askari wajue kwamba elimu ya uuguzi imezaliwa, kwa sehemu kubwa, kando ya vitanda vya wenzao. Katika Vita vya Krimea, Florence Nightingale alifika Scutari mnamo Novemba 1854, akakuta kambi iliyogeuzwa hospitali ambamo maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha. Vifo vilipungua sana baada ya tume ya usafi kusafisha mifereji ya maji machafu, kuanzia Machi 1855. Vita vilipokwisha alihesabu vifo mwezi kwa mwezi, akavichora katika michoro yake ya mwaka 1858 ili wakubwa wasioshawishika kwa maneno waone kwa macho. Naye Virginia Henderson, ambaye mafundisho yake juu ya mahitaji 14 ya mgonjwa yameenea katika shule za uuguzi duniani, alihitimu mwaka 1921 katika shule ya uuguzi ya jeshi la Marekani. Kwake yeye, muuguzi humtendea mgonjwa yale ambayo angejitendea mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia na maarifa: kupumua, kula, kujigeuza, kulala.

Huko Muyinga, ambako tangu mwaka 2025 ni sehemu ya mkoa wa Buhumuza, mama mwenye uchungu huweza kuteremshwa kilimani kwa ingobyi mabegani mwa majirani, na kituoni akapokewa na muuguzi, si daktari. Muuguzi huyo ndiye huamua kama mama atabaki au atapelekwa hospitali. Kumpa muuguzi huyo orodha nyingine ya kujaza bila kumpa mwenzake wa zamu ni kumwongezea karatasi tu.

Nasi tuanze kwetu. Katika zahanati za kambi liwepo daftari la usiku: nani aliita, saa ngapi, nani alifika, saa ngapi. Mwisho wa mwezi wauguzi wenyewe walisome na kutafuta sababu za ucheleweshaji. Huo nao ni utafiti, wala hauhitaji fedha za kigeni. Kisha mgonjwa anayetoka aulizwe. Lakini asiulizwe na afisa. Askari wa kawaida akiulizwa na mwenye nyota begani kama alihudumiwa vema, atakaza mwili na kujibu, "Ndiyo, afande," hata kama alilala na kiu. Aulizwe na raia, nje ya lango, baada ya kuvua sare ya wodi, na jina lake lisiandikwe.