Moshi ukishapanda huenda wapi?



Kila kiangazi kinapokaribia ukingoni, milima inayotuzunguka hapa Kingerikiti hufifia machoni. Jua huchomoza likiwa jekundu kupita kiasi, na anga la upande wa Ziwa Nyasa hugeuka rangi ya majivu. Ni moto wa mashamba. Tukiuliza, hujibiwa kwamba moshi ukishapanda umekwisha. Kauli hiyo tunataka kuipima wiki hii, kwa kuwa shamba la wakfu la msikiti wetu nalo linangoja uamuzi: nyasi zichomwe au zisichomwe?

Moshi haukwishi. Karibu thuluthi moja ya chembechembe za moshi wa mimea iunguayo duniani hutoka kusini mwa Afrika. Kuanzia Julai hadi Oktoba, upepo wa mashariki huubeba moshi wa Angola, Kongo, Zambia na nchi jirani, yetu ikiwamo katika ukanda huo wa moto, ukaufikisha juu ya bahari ya Atlantiki. Huko, mbele ya pwani ya Namibia na Angola, limetanda wingu jeupe, pana na la chini, na moshi hupita juu yake.

Hapo ndipo wataalamu walipotatizwa kwa miaka mingi. Setilaiti zilipima chembechembe za hewani mahali palipokuwa peupe tu. Penye wingu, hesabu iliachwa. Basi moshi mwingi ulipita bila kuhesabiwa. Na si jambo dogo, maana moshi ule ule una tabia mbili. Ukiwa juu ya bahari tupu, iliyo nyeusi, hurudisha mwanga wa jua juu na kupoza. Ukiwa juu ya wingu, huwa kama kaniki iliyotandikwa juu ya kanzu nyeupe: hunyonya mwanga ambao wingu lingeurudisha, na hewa ikapata joto.

Njia ya kuupima ilipatikana katika rangi. Wingu safi hurudisha rangi zote karibu sawasawa. Moshi humeza zaidi rangi ya buluu na miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, kuliko nyekundu. Kwa hiyo wingu lililofunikwa na moshi, likitazamwa kutoka juu, huelekea ukahawia, na kiasi cha tofauti hiyo hueleza unene wa moshi. Setilaiti iitwayo CALIPSO, iliyorushwa mwaka 2006, ilikwenda mbali zaidi: ilipiga mwanga wa leza kuelekea chini na kuonyesha moshi uko kimo gani na wingu liko kimo gani. Kisha kati ya mwaka 2016 na 2018 shirika la NASA la Marekani lilituma ndege kutoka Namibia, na baadaye São Tomé, zikapita ndani ya moshi wenyewe. Pengine moshi ulikutwa umeshuka hadi kulichanganyikia wingu.

Tunayasema haya tukijua kwamba babu zetu wa Umatengo hawakuhitaji setilaiti. Katika ngoro, nyasi hufyekwa, hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Zinaoza, zinarutubisha, na shimo linazuia maji yasibebe udongo mteremkoni. Mtu anayechoma nyasi zile anapeleka mbolea yake Atlantiki, na kikohozi kwa watoto wa jirani.

Wenzetu wanaotaka moto wana hoja moja ya kweli: jembe la ngoro linachosha. Mjane au mzee hawezi kuchimba mteremko mzima peke yake, na kumkemea bila kumsaidia si uadilifu. Katika kikao kijacho tutapendekeza shamba la wakfu lilimwe kwa ngoro, na vijana waliomaliza madrasa watoe Jumamosi mbili kwa mashamba ya wajane. Anayeweza kuleta jembe la ziada amwone katibu baada ya sala ya Ijumaa.