Kiungo Kamili ni Amana



Muislamu wa Dar es Salaam huswali akielekea kaskazini. Mwenzake wa Istanbul akiushika mwelekeo huo huo, ataipa Kaaba mgongo. Kaaba haikuhama; kilichobadilika ni mahali pa kusimama.

Ndivyo vilivyo viungo vya tovuti. Kiungo kifupi kama "../michango.html" humaanisha: rudi folda moja nyuma, kisha fungua ukurasa wa michango. Agizo hilo humfaa aliyemo ndani ya tovuti. Lakini kijana wetu akiandika programu ya kunakili matangazo ya msikiti na kuyatuma kwa barua pepe, kiungo hicho hupoteza pa kuanzia. Aliyenuia kuchangia matibabu ya yatima hubonyeza asifike popote, na huenda nia yake ikaishia hapo.

Kwa hiyo, programu na ikigeuze kila kiungo kifupi kuwa anwani kamili kabla ya kutuma. Tuseme ukurasa wa asili ni https://example.org/darsa/ratiba.html. Kiungo "fiqhi.html" kitakuwa https://example.org/darsa/fiqhi.html. Kiungo "/michango.html" huhesabiwa tangu mwanzo wa tovuti, nacho kitakuwa https://example.org/michango.html.

Vijana wengi huyaunga maneno hayo kwa kuyabandika tu, wakapata anwani zisizokuwapo. Hakuna haja. Kanuni zake zimo katika waraka wa RFC 3986 wa mwaka 2005, na zana ziko tayari: Python ina urljoin, JavaScript ina URL. Zana hizo hukiacha kama kilivyo kiungo ambacho tayari ni kamili.

La kuchunga ni alama ya / mwishoni mwa anwani ya kuanzia. Ikiwa ni https://example.org/darsa/, "fiqhi.html" hubaki ndani ya darsa. Ikikosekana alama hiyo, neno "darsa" huondolewa na msomaji hupelekwa kwingine. Alama moja tu, na njia imepotea.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Tangazo nalo ni amana. Basi kabla ya kulituma kwa jamaa, jitumie mwenyewe kwanza, ulifungue katika simu, na ubonyeze kila kiungo mpaka kifike.

Wabillahi tawfiq.