Vipele vya Kidevu

Vijana wa Kamina hutoka kwa kinyozi na kidevu laini. Siku chache baadaye kimejaa vipele. Wengine husingizia sabuni, wengine hata jicho la jirani. Sababu ni unywele wetu wenyewe: umejikunja, na ukikatwa chini mno ncha yake kali hurudi na kuichoma ngozi. Basi lainisheni ndevu kwa maji ya vuguvugu, nyoeni kwa kufuata zinakoelekea, wala msivute ngozi. Afadhali kubakiza milimita 1. Kidevu hakihitaji kung'aa kama sahani. Lakini wembe wa kinyozi ndio unaotutisha. Katika damu ya aliyetangulia vyaweza kupita virusi vya homa ya ini, hata vya ukimwi. Nunueni wenu, mmpe autumie huo.