Kata ya mbege ikifika Leipzig, huingia mlango gani?

KATIKA uwanja wa Johannisplatz, mjini Leipzig, Ujerumani, lipo jengo moja kubwa lenye makumbusho matatu ndani yake. La kwanza ni la sanaa za ufundi na mapambo, mali ya manispaa. La pili ni la tamaduni za mataifa, mali ya jimbo la Saxony. La tatu ni la ala za muziki, mali ya chuo kikuu. Jengo zima huitwa Grassi, kwa heshima ya Franz Dominic Grassi, mfanyabiashara wa mji huo aliyefariki mwaka 1880 na kuuachia mji urithi wa zaidi ya marka milioni mbili.

Kikombe cha kauri kilichofinyangwa Meissen, katika jimbo hilohilo la Saxony, huingia kwa mlango wa kwanza. Kata ya kunywea mbege iliyotoka Machame (hapa ni kata ya kibuyu, si ile ya diwani) huingia kwa mlango wa pili. Vyote viwili ni vyombo vya kunywea. Vyote vilitengenezwa na fundi aliyejua kazi yake, na vyote vilipambwa ili mgeni akipokea aone kuwa ameheshimiwa. Hata hivyo kimoja huhesabiwa kuwa sanaa, na kingine huhesabiwa kuwa ushahidi wa jinsi kabila fulani linavyoishi.

Suala hili liko karibu na Kwa Sadala kuliko linavyoonekana. Barabara inayoacha njia kuu ya Moshi na Arusha sokoni Kwa Sadala na kupanda Masama huzunguka hadi Machame, na huko Machame, mahali paitwapo Nkwarungo, ndiko wamisionari wa Kilutheri waliotumwa na Misheni ya Leipzig walikoanzia kazi yao mwaka 1893. Miaka minne kabla yao, Oktoba 6, 1889, Hans Meyer, mtoto wa familia ya wachapishaji wa vitabu wa Leipzig, alifika kilele cha Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller. Meyer baadaye alikuwa mfadhili mkubwa wa makumbusho ya tamaduni za mataifa ya mji wake. Kwa hiyo kati ya miji yote ya Ulaya, Leipzig ndio wenye hesabu ndefu na watu wa mteremko huu wa magharibi.

Makumbusho ya sanaa za ufundi ya Leipzig yalianzishwa mwaka 1874. Wakati huo viwanda vilikuwa vinamwaga bidhaa za bei nafuu na mbaya, na miji ya Ujerumani ilitaka seremala, mfinyanzi na mfumaji waone kazi bora za zamani ili wajifunze. Halikuwa ghala la kumbukumbu tu. Lilikuwa kama darasa. Tangu mwaka 1920 kumekuwa na maonyesho ya biashara yanayobeba jina la Grassi, ambapo mafundi huleta kazi zao mpya na kuziuza. Jengo la sasa lilijengwa kati ya mwaka 1925 na 1929, likapigwa mabomu Desemba 1943, na baada ya ukarabati mrefu maonyesho ya kudumu yakafunguliwa kwa awamu tatu.

Awamu hizo zinastahili kutazamwa kwa makini. Ya kwanza, mwaka 2007, ilianzia kale za Wagiriki na Warumi hadi karne ya 19. Ya pili, mwaka 2010, ilihusu sanaa ya Asia na msukumo wake kwa Ulaya. Ya tatu, mwaka 2012, ilitoka mwanzo wa karne ya 20 hadi leo. Mwaka 2019 yakafuata maonyesho makubwa ya muda kuhusu shule ya Bauhaus na mahusiano yake na Saxony. Mchina na Mjapani wamepewa nafasi kwa sababu Ulaya ilikiri kujifunza kutoka kwao. Afrika haimo katika jina la awamu yoyote kati ya hizo tatu. Imebaki upande wa pili wa ukuta.

Upande huo ndiko alikokuwa Karl Weule, mkurugenzi wa makumbusho ya tamaduni za mataifa kuanzia mwaka 1907. Mwaka mmoja kabla, wakati moshi wa Vita vya Majimaji haujatua, alizunguka Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu. Mazingira ya ukusanyaji wa namna hiyo yanajulikana: mkusanyaji alikuwa na serikali ya kikoloni nyuma yake, na mwenye kitu alikuwa ametoka kushindwa vitani. Lakini kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni jina. Mkusanyaji aliandika kabila, mahali na matumizi. Fundi hakuandikwa. Kikombe cha Meissen kina alama ya kiwanda chini ya kitako na mara nyingi mchoraji wake anajulikana. Kata, mkuki na kigoda vina “Wachagga” tu.

Neno hilo moja huficha mengi. Mkuki wa Kilimanjaro, kwa mfano, haukuwa kazi ya Wachagga peke yao. Chuma kilitoka Ugweno, Upare ya Kaskazini, kwa Washana, ukoo uliosifika kwa uhunzi. Wahunzi wa mlimani wakakifua, na Wamasai wa tambarare wakawa miongoni mwa wateja. Palikuwa na soko, palikuwa na mitindo, palikuwa na mnunuzi anayechagua. Hayo ndiyo mambo ambayo jumba la sanaa za ufundi huyaeleza kwa ufasaha linapozungumzia kiti cha Mjerumani. Kibandiko cha kabila hakiwezi kuyaeleza.

Majaribio ya kuvunja ukuta huo yamekuwapo. Mwaka 1994 maonyesho yaliyopewa jina la Kiswahili, “Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika”, yalifanyika Berlin na Munich, yakizileta kazi za Tanzania kama kazi za mabingwa. Mwaka 2013 yakafuata “Shangaa” mjini New York, kisha Portland katika jimbo la Maine, Marekani. Yote mawili yaliwapa Watanzania heshima waliyostahili, maana kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walidhani uchongaji wa kweli uko Afrika Magharibi na Kongo tu. Udhaifu ni kwamba uzito uliwekwa kwenye sanamu na vinyago, vitu ambavyo jicho la Ulaya hutambua haraka kuwa sanaa. Mlima Kilimanjaro haukuwa nchi ya vinyago. Ustadi wake ulikuwa katika kibuyu, ngozi, chuma na mregho, ile fimbo iliyochongwa alama za mafunzo ya jando. Mlango ulifunguliwa, lakini chombo cha jikoni kikabaki nje.

Mwaka 2022 Leipzig yenyewe ilishuhudia tukio la ajabu kidogo. Kikundi cha wasanii kiitwacho PARA, kikialikwa na makumbusho ya tamaduni za mataifa, kiliibua upya habari za jiwe ambalo Meyer alilichukua kileleni. Nusu ya jiwe hilo alimpa Mfalme Wilhelm II, likapachikwa katika ukumbi wa kasri la Potsdam ambao kuta zake zimepambwa kwa madini na makombe ya baharini. Nusu nyingine ilibaki kwa familia, hatimaye ikaingia mikononi mwa mfanyabiashara wa vitu vya kale nchini Austria. Wasanii walivunja sehemu ya mnara wa kumbukumbu ya Weule, wakatumia vipande vyake kufinyanga mifano ya jiwe na kuiuza ili kuchangia ununuzi wa lile la asili. Wapo waliowasifu na wapo waliowalaani. Lisilobishaniwa ni kwamba kipande cha Kibo kiligeuzwa pambo la ukuta wa mfalme, na hapo hakuna aliyeuliza kama ni la mlango wa kwanza au wa pili.

Mjadala wa urejeshaji umeanza, kwa haki kabisa, na mifupa ya watu. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 2, 1900. Mwaka 2019 maonyesho juu yake yalifunguliwa hukohuko Old Moshi. Na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka kaskazini mwa Tanzania. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea. Vyombo vya nyumbani vitafuata baada ya mifupa, na hapo Tanzania nayo itaulizwa itavipokea kama nini.

Jibu si rahisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautaja mlango uliochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu cha kulindwa, jambo jema kwa pwani. Kata na kigoda vya bara vimo katika fungu la jumla la vitu vya kiethnografia, yaani fungu lilelile la Leipzig. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kinazo nyumba za makabila, na msonge wa Kichagga umo. Lakini fundi aliyeujenga hajulikani kwa mtembeleaji. Vituo vikubwa vya Makumbusho ya Taifa viko Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Mtoto wa Masama anayetaka kuona kazi ya babu yake hutegemea makumbusho madogo yanayolenga watalii huko Marangu, upande wa pili wa mlima, au stoo ya bibi yake.

Wakati huo ndoo na vikombe vya plastiki vimejaa sokoni, na hakuna wa kumlaumu mama anayevinunua, kwa sababu ni vyepesi na havipasuki. Kinachopotea ni ujuzi wa kusoma vyombo vya zamani. Makumbusho ya jimbo la Saxony yameweka sehemu ya orodha zake kwenye intaneti, na picha. Halmashauri ya Hai, shule na makanisa ya Machame na Masama yanaweza kuzifungua picha hizo mbele ya wazee na kuandika wanachosema: chombo hiki ni cha shughuli gani, kilitengenezwa upande gani wa mlima, ukoo gani ulisifika kwa kazi hiyo. Vyombo vyenyewe vinaweza kuchukua miaka kurudi, na wazee hao hawana miaka mingi ya kuvingoja.