Kisu cha Samaki: Tazama Makali, Usitazame Mng'aro

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo ningependa tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho aghalabu tunakinunua kwa haraka kuliko tunavyonunua vitunguu. Kitu hicho ni kisu cha samaki. Vitunguu tunavibonyeza, tunavichagua kimoja kimoja, na bei tunaibishania. Lakini kisu tukikiona kinang'aa, tunalipa na kwenda zetu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, na aliyelipia kosa langu ni mtu mwingine.

Wifi yangu ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani, na mwezi wa Januari, watoto wanaporudi shuleni, ndio mwezi wake wa mavuno, kwa kuwa kila mzazi anataka sare. Mwishoni mwa mwaka mmoja nilimpelekea zawadi ya kisu: kipana, kizito, chenye mpini mwekundu, na bapa lililong'ara mithili ya kioo. Jumamosi ya kwanza ya Januari, kaka yangu alirudi kutoka Soko la Samaki la Feri na kolekole mnene. Wifi akaanza kumchana. Kisu hakikupenya ngozi, akakaza mkono, kisu kikateleza juu ya magamba na kuzama katika kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto. Zahanati walimshona nyuzi nne. Kwa majuma matatu hakuweza kuongoza kitambaa chini ya sindano, na sare za watu zikaenda kwa fundi mwingine. Nilipokwenda kumpa pole alinitazama, akacheka kidogo, akasema, "Wifi, kisu chako hiki kinajua kukata vidole, lakini samaki kinamwonea huruma."

Maneno hayo yalinifundisha jambo ambalo wavuvi wa pwani wamelijua siku zote: kisu butu ni hatari kuliko kisu kikali. Kisu kikali huenda mahali unapokipeleka kwa nguvu kidogo. Kisu butu hudai nguvu nyingi, na nguvu hizo, kisu kinapoteleza, huishia mkononi mwako.

Hebu basi tuanze na samaki mwenyewe. Nyama ya ng'ombe ni ngumu na yenye kushikamana. Huvumilia kisu kinene. Nyama ya samaki ni laini, imepangwa kwa tabaka, nayo imelala juu ya mifupa iliyopinda. Anayetaka kutoa minofu hana budi kupitisha kisu baina ya nyama na mfupa, akiufuata uti wa mgongo na mbavu kama mtu apapasaye ukuta gizani. Kisu kinene kisichopinda hakiwezi kazi hiyo. Ama kitakata mifupa na kuacha miiba ndani ya mnofu wa mtoto, ama kitapita mbali na mfupa na kuacha nyama nyingi iliyokwisha kulipiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia dukani ni wembamba na unyumbufu wa bapa. Liwe jembamba, na lizidi kuwa jembamba kadiri linavyokaribia ncha. Mwombe mwenye duka kipande cha ubao, weka ncha juu yake, kisha kandamiza taratibu. Bapa zuri litajikunja kidogo kama upinde, na ukiliachia litarudi na kunyooka sawasawa. Likikataa kabisa kujikunja, hicho ni kisu cha nyama. Likijikunja na kubaki limepinda, kirudishe upesi mahali pake. Chuma hicho ni laini na makali yake hayatadumu.

Jambo la pili ni urefu. Chukua rula ya mwanafunzi ya sentimeta 30. Nusu yake, yaani sentimeta 15, yatosha kwa samaki wadogo kama changu, tasi na sato. Kwa nyumba nyingi za mjini, ambazo leo hununua changu na kesho kipande cha nguru, bapa la sentimeta 18 hadi 20 ndilo lifaalo zaidi. Sentimeta 23 na zaidi ni za mvuvi na mchuuzi, kwa nguru mzima, jodari au sangara mkubwa. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa, ndivyo bapa lipaswavyo kuwa gumu zaidi kidogo, kwani jembamba mno litayumba ndani ya nyama nzito.

Jambo la tatu ni chuma chenyewe. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki isiyolika upesi, akapata mchanganyiko wenye kromiamu ambao ulikataa kuota kutu. Kutoka hapo chuma hicho kiliingia katika visu na vijiko vya dunia nzima. Ili chuma kihesabiwe kuwa cha aina hiyo, hakina budi kuwa na kromiamu isiyopungua kama asilimia 10.5. Kwa mtu anayeshughulika na samaki, na hasa samaki wa maji ya chumvi, hiki ndicho cha kuchagua. Chuma cha kawaida chenye kaboni nyingi hunoleka kwa urahisi na hushika makali mazuri, lakini kisipofutwa kila mara, maji ya bahari hukitia madoa ya kutu upesi. Wala usidanganyike na neno "hakioti kutu". Hata kisu cha kromiamu, kikiachwa na chumvi ndani ya ala yenye unyevu, hatimaye kitaliwa. Maana ya neno lile ni kwamba kinavumilia, si kwamba hakidhuriki.

Jambo la nne ni mpini, nalo ndilo ninalojuta kutolitazama. Mikono ya mpaa samaki imejaa maji, utelezi na mafuta. Mpini laini uliopakwa rangi ya kung'aa huteleza kama sabuni. Tafuta wenye mikwaruzo kidogo, au wa mpira mgumu, wenye uvimbe mbele wa kuzuia vidole visiteleze hadi kwenye makali. Mpini wa mbao hupendeza na hushikika vizuri, lakini hunywa maji na kupasuka usipotunzwa. Kagua pia msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Ukiwa mfupi sana, kisu kitaanza kucheza kabla hakijazeeka. Kishike bapa kwa kitambaa, utikise mpini. Ukisikia hata mlio mdogo, usikinunue. Nafasi zilizo kando ya ribiti nazo zisiwe na mianya, maana humo ndimo uchafu wa samaki hujificha na kunuka.

Ikiwa kisu hicho kitatumika pia katika uvuvi, nunua chenye ala ngumu iliyotobolewa matundu ya kutolea maji chini. Ngalawa huyumba, na kisu kilichoachwa wazi sakafuni hungoja unyayo wa mtu. Tena, kisu cha minofu si panga wala si nyundo. Kisikate kamba, kisibandue chaza mwambani, kisifungue kopo la mafuta. Kazi moja ya namna hiyo yatosha kuvunja ncha ambayo ndiyo inayofungua samaki.

Sasa tuje jikoni. Samaki akisha kupaliwa magamba, mlaze juu ya ubao usioteleza. Kitambaa kibichi chini ya ubao kitauzuia usisogee. Kata nyuma ya matamvua na pezi la ubavuni hadi kisu kiguse uti wa mgongo, lakini usiukate. Hapo geuza makali yaelekee mkiani, lalisha bapa juu ya mfupa, na uvute kwa mapitio marefu, si kwa kusaga kama msumeno. Sikiliza: kisu kikiwa mahali pake utasikia mkwaruzo mwepesi wa mifupa chini yake. Ukipotea, sauti hunyamaza, nawe utajua kwamba unaiacha nyama. Ukitaka kuondoa ngozi, shika mwisho wa mkia kwa chumvi kidogo vidoleni, na uwimbe mkono wa pili ukae daima nyuma ya makali, kamwe usiwe mbele yake.

Kilichobaki kisitupwe. Kichwa na mifupa hutoa supu yenye nguvu kuliko mnofu wenyewe. Watu wa Kanda ya Ziwa wanalijua vyema jambo hili. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya kupelekwa ng'ambo vilienea. Minofu ilipanda ndege; vichwa na mifupa vilivyobaki vikapewa jina la mapanki, vikawa kitoweo cha watu wengi wenye kipato kidogo. Anayejua kutumia kisu nyumbani mwake hula vyote viwili: mnofu leo na supu kesho.

Hata hivyo nakuonya juu ya samaki mmoja. Bunju, yule avimbaye kama mpira, ana sumu kali katika ini, mayai na aghalabu ngozi, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Hakuna kisu kitakachomfanya awe salama mikononi mwetu. Mwache.

Kuhusu kunoa, kisu bora bila kinoo ni kama cherehani bila uzi. Lowesha kinoo, lalisha kisu, kisha inua mgongo wake kidogo tu, kiasi cha nyuzi 15 hadi 20. Bapa likiwa na upana wa sentimeta 2, mgongo uinuke kama nusu sentimeta hivi. Sukuma mara kadhaa upande mmoja mpaka uhisi kijikwaruzo chembamba upande wa pili, kisha geuza. Ukikosa kinoo, kitako cha kikombe cha udongo kisichopakwa rangi chaweza kukusaidia kwa siku hiyo. Wako pia wanaopita mitaani na jiwe la kuzungushwa kwa baiskeli. Kazi yao ni njema, lakini mwombe fundi alichovye bapa majini mara kwa mara. Bapa jembamba likipata moto hadi kugeuka rangi, ugumu wake umekwenda, wala haurudi kwa kunolewa.

Ukimaliza kazi, osha kisu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kikaushe papo hapo, ukiweke mahali pasipofikiwa na watoto. Usikitumbukize katika beseni la vyombo lenye povu, ambako mkono wa mwingine utakitafuta bila kukiona. Kikianguka, rudisha miguu nyuma ukiache kianguke. Ncha hunyooshwa, mshipa wa mkono haunyooshwi. Na ubao uliokatia samaki mbichi usikatie kachumbari kabla hujauosha kwa sabuni.

Wifi yangu alipona, ila kidole kile hakikunji sawasawa asubuhi za baridi. Mwaka uliofuata nilimpelekea kisu kingine: chembamba, cha sentimeta 18, mpini mweusi usiovutia jicho la mtu. Safari hii nilikwenda dukani na kitambaa na rula, na mwenye duka alinitazama kwa mshangao. Wifi alikijaribu kwa changu mbele yangu. Minofu miwili ilitoka mizima, na uti wa mgongo ukabaki ubaoni, mweupe, karibu hauna nyama. Hakunishukuru kwa maneno. Alikiosha, akakifuta, akakirudisha ndani ya ala, kisha akaketi kwenye cherehani yake na kuendelea na sare ya mtoto wa jirani.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi naongeza kwamba ndiye pia abakiye na vidole vyake kumi. Kabla ya kununua kisu kingine, ndugu msomaji, kitazame kile kilichoko jikoni kwako leo. Kikishindwa kukata karatasi bila kuichana, kinoe kabla hujamshika samaki mwingine.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.