Hesabu ya "ingalikuwa"

Mwambie kijana aliyesimama stejini Makadara kwamba matatu ya Buruburu imeshapita. Atakujibu papo hapo: "Ingalipita ningaliiona, niko hapa tangu saa kumi na mbili." Naam, kashathibitisha kwa ukinzani!

Kijana huyo huyo akifika kwenye vipeuo shuleni, anaambiwa kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu, akariri. Basi. Kwa nini asionyeshwe? Tuseme kinaandikika: a/b, sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho. Basi a² = 2b², kwa hiyo a ni shufwa (ingalikuwa witiri, mraba wake pia ungalikuwa witiri). Iandike 2c. Sasa 4c² = 2b², yaani b² = 2c², na b pia ni shufwa. Lakini zote mbili zikigawanyika kwa 2, sehemu ile haikurahisishwa hadi mwisho!

Kinachowatatiza wengi ni lile "tuseme". Wanadhani mwalimu anaamini anachokisema. Kwa maoni yangu hilo ni tatizo la lugha kuliko la hesabu: somo linafundishwa kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili kina -ngali-, na watoto wa Eastlands wanaielewa vizuri sana. Mwalimu wa hesabu aiazime tu.

Na msidhani ni mambo ya mtihani. Mwaka 1936 Alan Turing alitumia mbinu hii kuonyesha kuna maswali ambayo hakuna mashine ya kukokotoa inayoweza kuyajibu. Alichukulia kwamba mashine hiyo ipo, kisha akaifanya ijikague yenyewe, ikakwama.